Thelathini na Tisa Nukta Tisa

Nchi ya Kivulini haina kasoro hata moja, na mwenye kubisha anaruhusiwa kwenda Wizarani, ambako atapewa fomu ya kubishia. Jina hilo ililipata zamani, ilipokuwa bado na miti. Miti ilikatwa kutengenezea samani za Idara ya Kulinda Miti, lakini jina likaachwa, kwa sababu lilikwisha kuchapwa kwenye karatasi za barua.

Wilaya yake yenye joto kuliko zote inaitwa Munyuni. Huko watu huvuna chumvi. Huingiza maji ya bahari kwenye mashamba yaliyosawazishwa kama sakafu, jua huyanywa maji hayo, na wanawake hushika reki wakakwangua kinachobaki. Jua likiwa kali, chumvi huwa nyingi. Kwa sababu hiyo serikali hulipenda sana jua la Munyuni, ijapokuwa yenyewe hukaa mji mkuu, mlimani, penye ubaridi.

Msoma kipimajoto wa Munyuni alikuwa Bwana Kondo Mwinyigogo. Kila siku saa nane mchana alikaza tai yake, akatembea hadi kwenye kisanduku cheupe cha mbao kilichosimama kwa miguu minne uani mwa ofisi ya wilaya, akafungua kilango chake, akasoma, akafunga, kisha akarudi ndani kuandika kwenye rejesta. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kusoma alijifunza akiwa mtu mzima, katika masomo ya jioni, amekaa kwenye dawati la mtoto na magoti yakigusa kidevu. Na hati yake ikawa nzuri hata wakaguzi kutoka mji mkuu waliifungua rejesta yake kwa kujiburudisha tu. Kitu alichokipenda kuliko vyote katika hesabu ni nukta. Namba kavu, alisema, hata mchuuzi wa dagaa anayo. Nukta ni ya watu waliosoma.

Sasa, ilikuwepo sheria. Zamani watu wema fulani, ambao baadaye walistaafishwa, walitunga Sheria ya Arobaini. Kipimajoto cha wilaya kikifika nyuzi arobaini, kengele ya wilaya igongwe, kazi ya mashambani isimame siku hiyo, maji ya kunywa yagawiwe, na wazee, wajawazito na watoto wapelekwe mahali pa baridi. Ilikuwa sheria nzuri mno. Kila mwaka ilisomwa kwa sauti siku ya sherehe za taifa, na watu wakaipigia makofi huku wakijipepea.

Na kwa bahati njema, joto la Munyuni halikuwa na tabia ya kufika arobaini. Siku mbaya kabisa lilifika thelathini na tisa nukta tisa, likasimama hapo kwa adabu, kama mgeni anayengoja mlangoni aambiwe karibu.

Mara moja tu, miaka kumi na mmoja nyuma, msoma kipimajoto wa wakati huo, Bwana Ngwali, aliandika arobaini na moja. Kengele ikagongwa, kazi ikasimama, chumvi ikapungua. Bwana Ngwali hakuadhibiwa, kwa maana Kivulini haimwadhibu mtu kwa kusema kweli. Alipandishwa cheo. Alifanywa Mkuu wa Kituo cha Taifa cha Kupima Theluji, katika jangwa la kaskazini. Theluji haijaanguka Kivulini tangu dunia iumbwe, lakini kila asubuhi Bwana Ngwali hutuma taarifa: “Theluji: hakuna.” Nakala huja Munyuni. Na kila asubuhi Kondo, aliyerithi kiti chake, aliipokea, akaigonga muhuri, akaitia kwenye faili, na akaielewa.

*

Isidhaniwe kwamba Kondo alikuwa mwongo. Alikuwa mtumishi. Mwalimu wake wa masomo ya jioni alipata kumwambia, “Bwana Kondo, mtu asiyeandika kweli mahali popote, mkono wake husahau njia.” Maneno hayo hayakumtoka. Kwa hiyo kila alipofika nyumbani alitoa daftari la shule na penseli, akaandika alichokiona hasa kwenye kipimajoto siku ile: 41.3. 42.8. 43.1. Madaftari yakafika saba. Aliyafunga katika kipande cha kanga na kuyaficha ndani ya debe tupu la unga. Kwa wino alikuwa mtumishi. Kwa penseli alikuwa mtu. Alijiambia kwamba hiyo ni mizani ya haki, na alijiambia hivyo mara nyingi, jambo ambalo mtu mwenye mizani ya haki hana haja nalo.

Mlezi wake alikuwa dada yake mkubwa, Bi Mashavu. Mama yao alipofariki, Mashavu alishika reki akiwa na miaka kumi na minne, na yeye ndiye aliyemkokota Kondo hadi kwenye mlango wa masomo ya jioni alipokuwa anaona haya kukaa kwenye madawati ya watoto. “Ingia,” alimwambia. “Mimi nitaona haya badala yako.” Sasa alikuwa na miaka sitini na saba na bado alikwangua chumvi. Kusoma hakujua. Kila alasiri, akielekea mashambani kwa awamu ya pili na wenzake, alisimama kwenye ua wa ofisi.

“Mdogo wangu! Jua lako leo limefika ngapi?”

“Thelathini na tisa nukta tisa, dada.”

“Mh! Hiyo nukta yako ni bahili. Miaka yote hii haijatuongezea hata chembe?”

Wenzake wakacheka. Mmoja wao, Bi Tunu, mwenye ulimi kama reki yake, akasema, “Labda kipimajoto cha kaka yako kimeoa, kinaogopa kuchelewa kurudi nyumbani.”

“Cheka, Tunu, cheka. Wewe ndugu yako anauza mkaa, wangu ana kengele. Siku jua likitaka kuua mtu, Kondo ataigonga. Si ndivyo, mdogo wangu?”

“Ndivyo, dada.”

“Mmesikia? Haya, shikeni reki.”

Nao wakaenda. Kondo akabaki ameshika ua kwa mikono miwili, tai ikimbana.

*

Mwaka ule watu wa Munyuni walizidi kuanguka. Wanawake walidondoka katikati ya shamba na reki mikononi. Wanaume wa kubeba magunia walikojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kisha wakavimba miguu. Watoto walizaliwa kabla ya miezi yao. Habari zilipofika mji mkuu, Wizara ya Afya, Hewa na Matumaini ilitangaza kwamba sasa taifa litapambana na mabadiliko ya tabianchi kwa silaha ya kisasa, yaani data.

Aliletwa Daktari Siwema, mtaalamu wa data, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa huko huko Munyuni. Wazo lake lilikuwa jepesi. Ichukuliwe rejesta ya joto ya miaka kumi na mmoja, iwekwe kando ya rejesta za zahanati, na mtambo wa kompyuta uzisome pamoja hadi ujue ni joto la ngapi linaloangusha watu, na baada ya siku ngapi. Kisha, kwa kutumia utabiri wa hali ya hewa, mtambo utaonya siku tatu kabla: wekeni maji, simamisheni kazi, mtazameni mzee fulani. Wazo lilikuwa jepesi na zuri, kwa hiyo liliundiwa kamati tisa.

Mtambo ukafika. Ikagundulika kwamba hauvumilii joto. Ukizidi nyuzi ishirini na tano, unazimika. Zahanati ya Munyuni ilikuwa na chumba kimoja tu chenye kuta nene, nacho kilikuwa wodi ya watoto. Watoto wakahamishiwa kwenye baraza, upande wa magharibi, wapate mwanga wa kutosha. Chumba kikatiwa kiyoyozi, pazia, zulia na askari.

Siku ya kuuzindua, Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Mapambo, alisimama chini ya mwavuli ulioshikwa na mtu aliyesimama juani.

“Ndugu wananchi,” alisema, “mtambo huu ni kiumbe maridadi. Ukipata joto, unaugua. Ukiugua, taifa limeugua. Tumeupa chumba, tumeupa ubaridi, tumeupa mlinzi. Sasa yule anayesema serikali haijali afya, asimame tumwone.”

Hakuna aliyesimama. Wawili walianguka, lakini hilo halikuhesabiwa kuwa ni jibu.

Kondo aliteuliwa kuwa Mlezi wa Data, akavishwa ufunguo wa chumba hicho kwa utepe wa kijani shingoni. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliipiga tai pasi mara mbili.

Haukupita muda kina mama wakagundua kwamba chini ya mlango wa mtambo kuna mwanya wa vidole viwili, na kwenye mwanya ule hupita hewa baridi. Wakaanza kulaza watoto wao wenye homa pale kizingitini, miguu kwenye baraza, kichwa kwenye mwanya, wakipokezana kama kisimani. Askari, Afande Chapuo, alijifanya kutazama upande mwingine. Juma lililofuata likabandikwa tangazo lenye muhuri: NI MARUFUKU KUTUMIA HEWA YA DATA.

Tangazo lile liliandikwa kwa hati nzuri sana. Wote walitambua ni hati ya nani.

*

Daktari Siwema alifungua rejesta ya joto, akaisoma siku nzima, kisha akamwita Kondo.

“Mzee Kondo, nisaidie. Katika miaka kumi na mmoja, kuna siku mia mbili na kumi na nne zenye joto la thelathini na tisa nukta tisa. Hakuna siku hata moja ya arobaini. Hata moja, baba.”

“Nchi yetu ina hali ya hewa yenye nidhamu,” alisema Kondo.

Siwema hakucheka. “Mama yangu alikwangua chumvi hapa. Mguu wake wa kulia una kovu la maji ya shamba, yalimbabua kama ya kwenye sufuria. Leo kipimajoto kinasemaje?”

“Unaweza kusoma kwenye rejesta.”

“Nauliza kipimajoto, siulizi rejesta.”

Kondo alitazama chini. Zulia la mtambo lilikuwa zuri, lenye maua. “Daktari,” alisema, “mimi nina kazi moja tu, kuandika. Kufikiri ni kazi yenu mliofika mbali.” Akasikia sauti yake mwenyewe, sauti ya mtu aliyejivunia kujifunza kufikiri, na masikio yakamchoma.

Mtambo ukalishwa rejesta ile kama ilivyo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na muhuri. Ukasaga siku mbili. Hatimaye ukatoa jibu, nalo lilikuwa la haki kabisa kwa mtambo ulioambiwa ulivyoambiwa. Siku za thelathini na tisa nukta tisa, ulisema, pengine huanguka watu wawili, pengine thelathini. Joto ni lile lile, idadi ya wagonjwa ni tofauti. Kwa hiyo joto haliwezi kuwa sababu. Lakini siku za maradhi mengi, chumvi huvunwa nyingi zaidi. Kwa hiyo maradhi ya Munyuni huenda sambamba na wingi wa mavuno.

Siwema aliandika barua kurasa sita kueleza kwamba jibu hili limetokana na kulishwa uongo. Wizara ilisoma ukurasa wa kwanza, wenye jibu, ikafurahi sana. Ugonjwa ukapewa jina rasmi: Ugonjwa wa Bidii. Ulitangazwa kuwa ugonjwa wa kizalendo, usioambukiza wavivu. Kila mgonjwa atapewa cheti. Na kwa kuwa sayansi imekwisha thibitisha kwamba joto halina madhara, Waziri mwenyewe atafika Munyuni Alhamisi kumvisha Bwana Kondo Mwinyigogo Nishani ya Takwimu Safi, daraja la kwanza.

Jumatatu ya juma lile Siwema alimfuata Kondo nyumbani, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

“Mzee, watu wenye hati kama yako hawaachi kuandika. Najua kuna mahali umeandika kweli.”

Macho ya Kondo yakaenda kwenye debe la unga, yakarudi. Siwema aliyaona yakienda na kurudi.

“Utabiri unasema siku nne hizi zitakuwa kali kuliko zote,” alisema. “Nikipata kweli leo, mtambo utaonya kesho. Nitalichukua onyo lake mwenyewe nilipeleke redioni. Nakuomba, baba. Sikuombi kama mkubwa wako.”

Mtu mwingine angemfukuza. Kondo alikuwa muungwana, alifikiri kwa muda mrefu, akapata njia ya kati, na njia ya kati ilikuwa hii: “Njoo Ijumaa.”

“Kwa nini Ijumaa?”

Siwema alisimama, akaipangusa sketi yake. “Kwa sababu nishani ni Alhamisi,” alimsemea, akatoka.

*

Alhamisi saa nane mchana Kondo alifungua kisanduku cheupe. Kipimajoto kilisema arobaini na nne nukta mbili. Alikuwa hajapata kuona namba ile maishani. Akafunga kilango taratibu, kama mtu aliyekosea mlango akamkuta mtu anaoga.

Kutoka kwenye ua Bi Mashavu aliita. Alivaa kanga mpya, maana wanachumvi wote waliamriwa wawe mashambani wapendeze, Waziri apate kuona chungu nyeupe za chumvi akipita. “Mdogo wangu! Leo hata reki inaunguza mkono. Ngapi?”

Mheshimiwa Mapambo alisimama ubavuni mwa Kondo akitabasamu, na nyuma yake mpiga picha.

“Thelathini na tisa nukta tisa, dada.”

“Haya. Jua la nishani hilo!” Akapiga kigelegele, akaenda zake. Alikuwa akiyumba kidogo.

Waziri akafika, akahutubia, akasifu. Alisema mataifa makubwa yanatumia data kujitia hofu, ila Kivulini imekuwa ya kwanza kuitumia kujiliwaza. Nishani ikabandikwa kifuani pa Kondo, karibu na ufunguo. Ilikuwa ya chuma, na chuma kilikuwa kimekaa juani. Ikamchoma kupita shati. Alisimama wima, akavumilia, akapigwa picha.

Ndipo wakatokea wanawake wanne wakikimbia, wamebeba mtu kwenye magunia ya chumvi yaliyoshonwa pamoja. Bi Tunu alikuwa mbele. Hawakwenda kwa mganga wa zahanati, kwa sababu alikuwa amekaa jukwaani. Walikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa mtambo.

“Fungua, Afande!”

“Bila kibali siwezi, mama zangu. Laiti ningekuwa na ufunguo…”

Kondo alifika akihema. Dada yake alikuwa mkavu kama karatasi. Hakuwa na jasho hata tone, na ngozi yake ilikuwa ya moto kama sufuria. Macho yalikuwa wazi lakini yakitazama mahali pengine.

“Kondo, ufunguo unao shingoni!” alipiga kelele Bi Tunu. “Unangoja nini? Mdomo wangu ukauke kwa kelele?”

Mheshimiwa Mapambo akafika, akamshika Kondo bega kwa upole. “Mzee, Waziri yupo. Mlango ukifunguliwa, mtambo utapata joto, utazimika mbele ya Waziri. Lakini sisi si wanyama. Utaratibu upo. Jaza Fomu ya Matumizi ya Ubaridi, dakika moja tu, nitaisaini mimi mwenyewe.”

Hapo ndipo Bi Mashavu aliposema, taratibu, kama anayemsemesha Tunu: “Msimsumbue. Ni uchovu tu. Ingekuwa ni jua, Kondo angeligonga kengele.”

Akanyamaza.

Kondo alikimbia ofisini. Akaichomoa fomu. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa maana: Joto la siku, kwa mujibu wa Msoma Kipimajoto. Chini yake, kwa herufi ndogo: Ubaridi hautolewi chini ya nyuzi arobaini. Lilikuwa jambo jepesi kuliko yote aliyopata kuombwa. Hakutakiwa kutafuta ruhusa ya mtu yeyote. Aandike alichokiona. Akaileta mbele ya macho namba ile aliyoiona saa nane, akashika kalamu ya wino, na mkono ukaandika, kwa hati nzuri, pasipo kutetemeka: 39.9.

Aliitazama. Hakuiandika yeye, au aliiandika yeye, zaidi ya mara mia mbili na kumi na nne. Akaikata kwa mstari, akaandika juu yake 44.2, akakimbia kuipeleka.

Mheshimiwa Mapambo aliinua fomu kwenye mwanga. “Lo, Mzee. Imekatwakatwa. Wewe, wa Takwimu Safi? Siwezi kusaini kitu kichafu. Leta nyingine.”

“Nyingine hazipo, Mheshimiwa. Zimefungiwa humo ndani, na mtambo.”

“Basi omba kibali cha kuingia kuchukua fomu.”

Kondo alimtazama mtu yule. Kisha akauvua ufunguo shingoni, utepe ukakwama kwenye nishani, akauvuta kwa nguvu hadi nishani ikang’oka na kipande cha shati, akafungua mlango. Hewa baridi ikawapiga wote usoni kama maji. Wakamwingiza Bi Mashavu, wakamlaza juu ya zulia la maua. Bi Tunu akapiga magoti, akaweka sikio kifuani pake, akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

“Mfunikeni,” alisema. “Atapata baridi.”

Mtambo ukalia mlio mdogo, ukazimika.

*

Katika rejesta ya zahanati aliandikwa: sababu ya kifo, bidii. Cheti chake kililetwa na mjumbe mwenye kuvaa glavu nyeupe, na Kondo, kwa kuwa ndiye ndugu wa karibu, alitia saini kukipokea. Hakukuwa na mahali pa kukatalia.

Ijumaa Siwema alikuja, kama alivyoambiwa. Kondo alikuwa amekaa mkekani na watu wa matanga. Aliinuka, akalifungua debe, akatoa madaftari saba yaliyofungwa kwa kanga. Mwanamke yule hakumlaumu. Laiti angemlaumu. Aliyapokea kwa mikono miwili, akauliza tu, “Na ya jana umeiandika?”

“Bado, mwanangu.”

Akampa penseli. Kondo akaandika 44.2.

Mtambo ulioponywa ulilishwa madaftari, na asubuhi moja tu ikatosha. Sasa kila kitu kilikaa mahali pake kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Juu ya arobaini na moja, watu huanza kuanguka. Juu ya arobaini na mbili kwa siku mbili mfululizo, hufa, wazee kwanza. Kwa miaka kumi na mmoja, watu mia tatu na saba wa Munyuni walikufa kabla ya siku zao, katika siku ambazo kengele ilistahili kulia. Siwema akauliza mtambo kuhusu Alhamisi ile. Ukajibu kwamba ungeonya tangu Jumatatu jioni.

Wizara ilipelekewa. Kamati ya kumi ikaundwa, ikakaa, ikatoa uamuzi: madaftari hayawezi kukubalika kuwa data, kwa sababu yameandikwa kwa penseli.

Siku ile barua ilipofika, Kondo alikaza tai yake. Saa nane alifungua kisanduku cheupe. Alirudi ofisini, akachukua kalamu ya wino, akakaa nayo. Mara tatu aliiona ikielekea kwenye tatu ya thelathini na tisa. Mara tatu aliizuia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayemfundisha mtoto. Kisha akaandika, kwa hati mbaya, yenye kupinda, hati ya siku yake ya kwanza ya masomo ya jioni: 43.6. Akatoka uani, akaondoa kitambaa kilichofunikia kengele isipate vumbi, akaigonga.

Mashambani wanawake waliinua vichwa. Wengi wao hawakupata kuisikia maishani. Mmoja alidhani ni moto, mwingine alidhani Waziri amerudi. Ni Bi Tunu aliyeweka reki chini.

“Ndiyo hiyo,” aliwaambia. “Ile ya Mashavu. Tokeni juani.”

Wakatoka, wote, wakakaa ukutani kwenye ukanda mwembamba wa kivuli cha ghala. Kengele iliendelea kulia hata baada ya kila mtu kuwa amekwisha kutoka. Afande Chapuo ndiye aliyekwenda kumshika Kondo mkono.

*

Kondo hakuadhibiwa. Alipandishwa cheo. Safari ya kwenda jangwa la kaskazini ilichukua siku tatu, na mwisho wa barabara palikuwa na kibanda chenye ubao wa taifa, na fimbo ndefu iliyotiwa alama za kupimia kina cha theluji, imechomekwa mchangani. Mzee mwembamba alitoka, akampokea sanduku.

“Wewe ndiye uliyeketi kwenye kiti changu,” alisema Bwana Ngwali. Hakusema kwa chuki. Alimwekea maji, akamwacha anywe, akamwongeza. “Nimekungoja miaka kumi na mmoja, ndugu yangu. Nilijua ni mtu wa Munyuni, lazima atakuja. Uliandika arobaini?”

“Niliandika arobaini na tatu nukta sita,” alisema Kondo, na kwa kitambo kidogo sana alikuwa na fahari ya nukta ile.

Bwana Ngwali akaitikia kwa kichwa. Aliitazama fimbo yake mchangani, kisha akamtazama mgeni wake, na akauliza kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hakuna atakayemsikia katika maili hamsini:

“Baada ya nani?”

Kondo aliweka kikombe chini.

“Baada ya dada yangu,” alisema.

Ngwali aliingia ndani, akatoka na rejesta ya siku na kalamu, akaviweka magotini pa Kondo, kwa kuwa sasa walikuwa wawili na kazi lazima igawanywe. Kondo alitazama mchanga, alitazama jua. Kisha akaandika, neno moja baada ya jingine, akiuchunga mkono wake: Theluji: hakuna.